Wanaokaa na Vyombo

JUMATANO

Soma 1 Samweli 30:9, 10, 21–25. Kwa nini Daudi alilikataa shauri la wale waliotaka wenzao wanyimwe mgawo?

Watu 600 walitoka na Daudi kuwafuatia Waamaleki walioichoma Siklagi na kuzichukua familia zao. Kwenye kijito cha Besori, 200 walishindwa kuvuka kwa uchovu. Wale 400 waliporudi na nyara, baadhi yao walidai kwamba waliobaki wasipewe kitu zaidi ya wake na watoto wao, kwa kuwa hawakwenda vitani. Machoni pao hao walikuwa wamekaa tu. Lakini Daudi aliipa kazi yao jina: walikaa na vyombo. Akaagiza mgawo uwe sawa. Wala hakuiacha iwe hisani ya siku moja, bali aliifanya kuwa sheria katika Israeli.

Kila kanisa lina watu waliobaki Besori. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12, asilimia 14.8 ya wakazi wa Mkoa wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na VVU, kiwango kilichozidi cha mikoa mingine yote. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna mikono iliyouguza. Wanging'ombe, kama kwingine mkoani, wako mabibi waliowauguza wana wao, wakawazika, kisha wakabaki na wajukuu wa kulea. Leo dawa zimeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, mzee aliyepooza bado anahitaji kugeuzwa, kuogeshwa na kulishwa; na mgonjwa akilazwa, ndugu ndiye anayempelekea uji na kumfulia nguo.

Hebu ihesabuni kazi hiyo. Mama anayeuguza kwa saa 7 kila siku hufikisha saa 49 kwa juma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mfanyakazi ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma. Mama huyu hana mshahara wala likizo. Mvua za Novemba zikianza, majirani hupanda mahindi na viazi. Yeye huchelewa kupanda, na vibarua humpita. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018 iliyotumia takwimu za nchi 64, lilikadiria kuwa kazi za nyumbani na za kutunza watu bila malipo huchukua saa bilioni 16.4 kila siku. Zaidi ya robo tatu ya kazi hizo hufanywa na wanawake.

Sabato asubuhi mama huyo huandikwa kuwa hayupo. Bahasha yake ya sadaka, ikifika, ni nyepesi. Daftari la darasa halina mahali pa kuandika usiku aliokesha.

Soma Marko 7:9–13. Yesu aliwakemea watu waliotumia sadaka kama kisingizio cha kuwanyima wazazi msaada. Je, kanisa linaweza kuanguka katika kosa hilo linapohesabu fedha zilizoletwa na kumsahau anayemtunza mzazi?

Wengine husema upendo haupimwi kwa shilingi. Ni kweli. Lakini Daudi hakuwa akinunua upendo wa mtu. Alikuwa akigawa kile ambacho Bwana alikuwa amewapa wote. Kumsifu mama kwa uvumilivu wake ni rahisi, kwa kuwa sifa hazimpunguzii mtu kitu. Mgawo humgharimu anayegawa. Paulo naye, katika 1 Timotheo 5:4, anawataja watoto na wajukuu kuwa ndio wa kwanza kuwajibika, bila kusema ni mabinti peke yao.

Kwa vitendo: Darasa litaje nyumba zenye mgonjwa au mzee asiyejiweza. Zidisheni siku za uuguzi za mwezi mmoja kwa malipo ya kibarua cha siku moja kijijini kwenu. Kisha amueni: nani atashika zamu ili mwuguzaji apumzike, nani atamlimia shamba, na lini somo litafanyikia nyumbani kwake?

Katika familia yako, ni nani anayekaa na vyombo, na tangu mwaka uanze, amepata mgawo gani kutoka mkononi mwako?