Mchoraji Aondoaye Mkono

Katika mwaka 1936, huko New York, David Alfaro Siqueiros, mchoraji wa Mexico, aliwakusanya wachoraji vijana katika karakana yake. Alilaza ubao, akamimina rangi moja, na juu yake nyingine, kisha akaondoa mkono. Rangi nzito ikazama, nyepesi ikapanda, yakatokea mabaka na mishipa ambayo haichoreki kwa brashi. Mwaka 2015 wataalamu wa Mexico walionyesha kwamba tofauti ya uzito ndiyo iliyofanya kazi ile.

Siku hizi wengi hujaribu hivyo kwa rangi ya akriliki, ichanganywayo na maji. Je, ni kazi ya mvivu? Sivyo. Yampasa mtu kuchagua rangi, kuikoroga hata itiririke kama asali, na kusawazisha ubao kama fundi asawazishavyo msingi. Ndipo humimina, akauinamisha ubao huku na huku. Baada ya hayo hana amri tena. Mwenye hofu hushika kijiti, akatengeneza hapa, akatengeneza pale, hata rangi zote zikawa tope. Na kumzuia ni vigumu, maana adhani anasaidia.

Katika Injili ya Marko, Bwana Yezu alisimulia habari za mtu aliyepanda mbegu, akalala, akaamka, nayo ikaota asijue jinsi gani. Mkulima halali kabla ya kulima. Lakini usiku hafukui mbegu ili aitazame. Mkatekumeni naye hujifunza siku nyingi, na hatimaye huinamisha kichwa, maji yakamiminwa kwa mkono usio wake.