Kuingiana Si Kufaana

Fundi simu anayetaka kurudisha chipu kwenye bodi haanzi na moto. Huanza na bomba la sindano. Ndani hamna dawa, mna flaksi, ule ute mzito unaosafisha shaba ili lehemu ishike. Mbele amepachika sindano butu. Anasukuma kwa kidole gumba, polepole, mpaka tone dogo kuliko punje ya mtama litue ubavuni mwa chipu. Hapo ndipo analeta hewa ya moto. Hakuna kiwanda kilichokaa kikabuni kifaa hicho kwa ajili ya simu. Kimetoka wodini kikaingia karakana, na hakuna aliyekiuliza unatafuta nini huku.

Kilichokiwezesha kuhama ni kitu kidogo ambacho watu hawakitazami: mahali bomba na sindano vinapokutana. Ncha ya bomba ni koni fupi, yenye upana wa karibu milimita 4 mwishoni, inayopungua kwa asilimia 6. Yaani kama ingekuwa na urefu wa milimita 100, kipenyo chake kingepungua milimita 6. Mteremko huo ni mdogo kiasi kwamba ukiisukuma ncha ndani ya tundu la mteremko uleule, msuguano peke yake huishika na maji hayavuji. Mchongo huu unaitwa Luer, kwa jina la mtengenezaji wa vifaa vya tiba wa Paris wa mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1898 kampuni ya Marekani ya Becton Dickinson ilinunua haki zake, na katika miaka ya 1920 ikaongeza uzi wa skrubu ili sindano isichomoke presha inapopanda. Tangu hapo ncha hiyo imebaki karibu ilivyo.

Leo utaikuta viwandani ikidondosha gundi kwenye vifaa vya elektroniki, maabarani ikishika vichujio vya maji, zizini kwenye bomba la chuma la kuchanjia ng'ombe, na kwa anayejaza wino kwenye katriji ya printa. Kazi hizi hazina undugu wowote, isipokuwa kwamba zote zinataka kiasi kidogo cha kimiminika kifike mahali padogo bila kumwagika. Ndiyo maana ncha ya daktari ilikubalika kote. Umbo halijui lilizaliwa kwa nia gani. Ng'ombe, simu na mgonjwa kwake ni mamoja.

Hapa mwanafalsafa wa haraka angetoa hukumu: basi maana ya kitu ni matumizi yake, na aliyekibuni hana neno la mwisho. Hukumu hiyo ina ukweli, lakini haijafika mwisho. Imetazama tu pale kitu kilipoingia kikafaa. Haijatazama pale kilipoingia na hakikupaswa kuingia.

Turudi wodini. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mrija wa dripu mkononi, mpira wa chakula puani, na mwingine wa ganzi mgongoni. Kwa miaka mingi mirija hii yote iliweza kuishia kwenye mchongo uleule wa Luer. Januari 2001, katika hospitali moja ya Nottingham, Uingereza, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu alidungwa vinkristini kwenye uti wa mgongo. Dawa hiyo ni ya mshipani tu. Ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo huharibu neva, na kwa kawaida huua. Kijana huyo alifariki mwezi uliofuata. Makosa ya binadamu yalikuwa mengi, lakini hatua ya mwisho kabisa, ile ya bomba kushika sindano, haikupata kizuizi chochote. Ncha iliingia sawasawa, kama ilivyochongwa kuingia.

Wala halikuwa tukio la kwanza la namna hiyo duniani. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka mirija inayounganishwa kimakosa katika orodha yake ya mambo tisa ya kushughulikiwa kwa usalama wa wagonjwa. Kwa muda mrefu jibu la kawaida lilikuwa onyo: bandika lebo, fuata mrija mpaka unakotokea, kuwa mwangalifu. Ushauri mzuri, ila unamdai muuguzi wa zamu ya usiku awe macho kila mara bila kukosea hata mara moja, huku chombo chenyewe kikiruhusu kila kosa. Kisha kosa likitokea, anayeitwa kwenye kikao ni mtu, si koni.

Jibu la maana zaidi lilikuwa kuchonga upya. Viwango vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2016 viliipa mirija ya chakula kiungo chake, na sindano za uti wa mgongo kiungo chao chembamba zaidi, ili ncha ya Luer isipite. Luer ikabakiziwa kazi ya mishipa ya damu na nyingine zinazofanana nayo. Thamani ya viungo hivyo vipya iko katika kile vinachokikataa. Ndivyo lilivyo pia bomba la chanjo linalojifunga likishatumika mara moja. Mwaka 1999 mashirika ya WHO, UNICEF na UNFPA yalitaka kwamba ifikapo mwisho wa 2003 chanjo zote za sindano zitolewe kwa mabomba ya aina hiyo. Chombo kilichoweza kufanya kazi tena kilinyimwa uwezo huo kwa makusudi, na kwa kunyimwa kikawa bora.

Kwa hiyo swali la nini maana ya kiungo halijibiwi na nia ya aliyekibuni, wala na wingi wa mahali kinapoingia. Hujibiwa na gharama ya kosa lake. Fundi simu akichanganya bomba la flaksi na la gundi atapoteza bodi na pengine mteja. Hasara hiyo inalipika, hivyo ukarimu wa Luer kwake ni neema, na kumwekea viungo vya kila aina kungekuwa usumbufu wa bure. Mgongoni mwa mgonjwa ukarimu uleule ni uzembe uliochongwa kwa plastiki. Umbo ni lile lile, ila upande mmoja kosa lina kesho yake, na upande wa pili halina.

Hili linamhusu kila anayehamisha ubunifu wa tiba kuupeleka kwenye kazi nyingine. Wengi hujaribu kama kiungo kinaingia, kinashika, hakivuji, basi wameridhika. Hayo ni maswali ya nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni kuuliza: huku kinakokwenda, kuna kingine ambacho kitaingia nacho na hakikupaswa? Mwenye karakana yenye mrija wa asidi kando ya mrija wa maji hana sababu ya kuipa mdomo mmoja kwa kuwa tu viungo vinapatikana kwa bei nafuu. Na bomba lililokwisha kutumika kwa mgonjwa lisivuke kabisa kwenda kwa fundi. Pipa la taka za hospitali ndicho kituo chake cha mwisho. Kuazima ufundi wa wodini ni akili. Lakini anayeazima kiungo na aazime pia somo lililolipiwa kwa maisha ya watu: kabla hujafurahia kwamba vimeingiana, hakikisha kwanza kwamba vinafaana.