Pua ya Mbwa na Uso wa Bwana Wake



Mbwa waliofundishwa kunusa wana kazi mbalimbali, kila mmoja na yake. Yuko wa baruti, yuko wa dawa za kulevya, yuko wa kutafuta watu waliofunikwa na kifusi. Bandarini Mombasa wamepata kutumiwa kutafuta pembe za ndovu zilizofichwa ndani ya makontena. Mbwa akipata harufu aliyofundishwa, huketi au hukaza macho, kisha hupewa mpira wake acheze. Hajui sheria wala mhalifu. Ajua harufu na mpira.

Kwa hiyo twasema: Huyu ni shahidi wa kweli. Hapokei rushwa, hana ndugu wala kabila. Lakini je, shahidi wa namna hii hawezi kudanganya?

Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani, walitoa habari za jaribio lao. Waongozaji 18 na mbwa wao walipelekwa katika jengo la kanisa, ambamo hamkufichwa baruti wala dawa yo yote. Lakini waongozaji waliambiwa kwamba huenda vimo, na kwamba karatasi nyekundu, zilizobandikwa katika baadhi ya vyumba, zaonyesha mahali. Basi, katika vyumba vyote vinne ilisemwa kwamba mbwa wamegundua kitu, na hasa penye karatasi. Mbwa hakujua maana ya karatasi. Aliyejua ni mwongozaji.

Ama mbwa alisoma uso wa bwana wake akataka kumpendeza, ama bwana mwenyewe aliona alichotarajia kuona. Hakuna aliyekusudia uongo. Hata hivyo uongo ulisemwa. Kama ungalisemwa forodhani, mtu asiye na hatia angalifunguliwa mizigo yake mbele ya watu.

Nasi je? Fedha za sadaka zikipungua, twamwuliza mtoto habari za yule tuliyekwisha kumshuku: "Si ulimwona?" Mtoto husoma uso wa mzee wake, hujibu, "Ndiyo." Baadaye twasema mtoto ameshuhudia uongo. Lakini ni nani aliyebandika karatasi nyekundu?

Mbwa hana dhamiri, hatumlaumu. Mtoto anayo, naye yampasa kusema kweli hata tukikunja uso. Lakini lawama iliyo kubwa ni ya aulizaye akiwa na jibu lake mkononi. Dawa yake ni ile ya kumpima mbwa vizuri: anayemwongoza asijue kitu kilipofichwa. Basi kabla ya kuuliza, kila mmoja wetu ajiulize kwanza: Je, niko tayari kusikia jibu nisilolitaka?