Tawakali Haina Ngojangoja

Kumkimbiza mtoto hospitali ni kukosa tawakali? Akina mama wa mtaani kwetu Tanga huniuliza hivyo, kwa kuwa nimekuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Mimi huwajibu kwa ugonjwa mmoja.

Mtoto wa miezi sita analia kwa vipindi, anakunja magoti hadi kifuani, kisha anatulia utadhani kapona. Baadaye anatapika kijani, choo kinatoka na kamasi lenye damu. Nyumbani wanasema chango, wanamnywesha kombe. Kumbe utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, mfano wa mkono wa shati uliokunjiwa ndani, na damu inabanwa.

Akiwahishwa, mara nyingi hapasuliwi. Mwaka 1876 Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alieleza jinsi alivyourudisha utumbo kwa msukumo wa maji kupitia njia ya haja kubwa. Leo wapo wanaotumia hewa, wakitazama kwa eksirei: ni ya haraka, na tafiti zinaipa nafasi kubwa kidogo ya kufanikiwa, ila shinikizo lisizidi milimita 120 za zebaki. Wengine hutumia maji ya chumvi kwa ultrasaundi, na mtoto hapati mionzi. Bariamu, kimiminika kinachoonekana kwa eksirei, imeachwa kwingi, kwani utumbo ukitoboka huchafua tumbo vibaya. Kwa vyovyote, dripu hutangulia na daktari wa upasuaji hukaa tayari.

Hewa na maji vina sharti moja: utumbo usiwe umeoza wala kutoboka. Tumbo likishakakamaa, limebaki la kisu. Kwa hiyo anayesema "namwachia Mungu" kwa kuogopa kisu, ndiye anayekiita.

Hewa ni ya Mungu, maji ni yake. Kuvitumia si kumpinga. Tawakali ina mahali pake, napo ni baada ya tiba. Hata utumbo ukirudi, takriban mtoto mmoja kati ya kumi ugonjwa humrudia, tena wengi ndani ya siku mbili za mwanzo. Usiku wa baada ya tiba mzazi anakesha kando ya kitanda, hana la kuongeza. Hapo ndipo pa kusubiri na kumwachia Mwenyezi Mungu.

Basi mama, ukiona dalili hizo msomee dua njiani, mpulizie, lakini usimnyweshe kitu. Na usingoje kupambazuke.