Usingizi wa Pono

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Enyi ndugu zetu wa pwani, waraka huu watoka Karagwe, nchi ya vilima na migomba, isiyo na bahari. Wafanya biashara wa kwenu walifika huku katika karne ya 19, wakaweka makao Kafuro, na lugha yao ikabaki. Basi hata huku, mtoto akawiaye kuamka alfajiri huambiwa: Umelala kama pono. Naye pono hajapata kumwona. Ninyi mwamjua, je, mmemzingatia?

Pono hukaa penye miamba ya matumbawe. Aghalabu huanza akiwa jike, mwenye rangi ya hudhurungi au nyekundu iliyofifia; kisha baadhi yao hugeuka madume, wakavaa kijani na samawati kama vazi la arusi. Meno yake yameungana mfano wa mdomo wa kasuku. Mchana kutwa hukwangua mimea midogo iliyoota juu ya jiwe, akalisaga jiwe kwa meno ya kooni, akalitoa likiwa mchanga. Hivyo katika mchanga mweupe mwukanyagao imo kazi ya pono. Na jiwe likiisha safishwa, matumbawe machanga hupata pa kushika.

Usiku hulala usingizi mzito, lakini hakughafilika. Hujiingiza mwambani, na baadhi ya jamii zake hujifunika utando wa ute, ukawakinga na vidudu vinyonyavyo damu. Kukicha huuacha, akarudi kazini.

Ndugu zangu, sisi tumetwaa usingizi wa pono, tukaacha kinga yake na kazi yake. Kinga ya Mwislamu alalapo ni udhu, na nyuradi, na nia ya kuamka. Nasi twalala bila hayo, mwadhini akinadi hatusikii. Na kazi je? Atupaye baruti baharini huua pono na kuvunja mwamba kwa pigo moja. Samaki wa bahari ni halali kwetu. Uharibifu si halali, wala kuununua huku twajua si jambo la kuchezea. Ashibaye leo kwa baruti amwachia mwanawe njaa.

Ewe Mola wetu, tuamshe kabla ya kuamshwa kaburini, na utujaalie tuache nyuma yetu kheri, japo mchanga. Amin.