Jicho Nalo Lipige Hodi

Mji wa Kyoto ulikuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka 1,000, tangu mwaka 794. Mwaka 1994 majengo na bustani 17 za mji huo na jirani zake, takriban zote za ibada, ziliandikwa katika Urithi wa Dunia. Basi watu humiminika huko kutoka kila pembe, kutazama. Hapana ubaya. Kutembea katika ardhi na kuzingatia waliyoyaacha waliotutangulia ni jambo jema, na dini yetu imelihimiza.

Lakini umo mtaa uitwao Gion, wenye nyumba za mbao na vichochoro vyembamba. Humo hufanya kazi geiko, wanawake mabingwa wa kucheza, kupiga ala na kukirimu wageni, pamoja na maiko, wasichana wanaojifunza kazi hiyo. Jioni wakitoka kwenda kazini, baadhi ya watalii huwakimbilia na kamera, wakawazibia njia, wengine wakathubutu hata kuwashika nguo. Mwaka 2019 wenyeji walitundika vibao vya kukataza kupiga picha katika vichochoro vya watu binafsi, na faini iliyotajwa ni yen 10,000. Haikutosha. Mwaka 2024 wakaamua kuwafungia watalii baadhi ya vichochoro hivyo.

Mgeni atasema: "Nimelipa nauli, njia ni ya wote, na mji huu wapata faida kwetu." Kweli, faida ipo. Lakini tupime. Muuza vitambaa ameweka mezani vitambaa, hakujiweka yeye. Njia ni ya wote kwa kupita, wala mpitaji si mali ya njia. Na nauli humlipa mwenye chombo, haimnunui msichana aendaye kazini.

Sisi tumefunzwa tusiingie nyumba ya mtu bila ya hodi, hata mlango ukiwa wazi. Na hodi imewekwa kwa ajili gani, kama si kulizuia jicho lisione lisiloruhusiwa? Basi uso wa mtu nao ni mlango.

Tusidhani haya ni ya Wajapani peke yao. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zimo katika orodha hiyo hiyo, na wenyeji wake walijua jicho lililovuka kizingiti. Lakini nasi tukisafiri huwa wageni. Yule aliyechukia kupigwa picha barazani kwake, je, atakumbuka akifika mji wa watu?

Huko huko Kyoto, katika hekalu la Ryoan-ji, ipo bustani ya changarawe yenye mawe 15. Mtu akikaa barazani kuitazama, kila akihamia huku au huku, jiwe moja angalau humfichika. Watu hukaa kimya, wakaridhika na waliyoyaona, wala hapana anayeruka kuingia ndani ili alione la mwisho. Aliyeridhika na mawe 14 asubuhi, kwa nini jioni ashindwe kuridhika na mlango uliofungwa?