Divai ya Altare na Wimbi la Kimilili

Katika bonde la Clare, Australia Kusini, kipo kitongoji cha wakulima kiitwacho Sevenhill, ambako mnamo 1851 mapadri Wajesuiti waliotoka Austria walipanda mizabibu, si kwa tamaa ya biashara, bali kwa kuwa misa haisihi pasipo divai ya zabibu, na mzabibu haukuwa mmea wa asili wa nchi ile.

Habari hii yamhusu pia mtu wa Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Padri wa Kitale hutumia divai ya zabibu zilizolimwa kwingine, hali mashamba yanayomzunguka ni ya mahindi. Na huko Kimilili, chini ya Mlima Elgon, wazee wa Kibukusu wamerithi kinywaji chao cha tambiko, busaa, ambayo unga wake wa mahindi huvundikwa na kukaangwa, ukachachushwa kwa kimea cha wimbi, kisha ikanywewa kwa mirija mirefu katika chungu kimoja, na sehemu ikamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia.

Wanazuoni wa Kiafrika wameuliza, kwa insafu, kwa nini zabibu ikubaliwe altareni na wimbi likataliwe, ilhali Muumba ni mmoja. Roma ilipoidhinisha mwaka 1988 utaratibu wa misa wa Zaire, iliruhusu hata mababu wema watajwe, lakini divai ikabaki ya zabibu. (Marafiki, yaani Wakweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902, hawana udhia huu: hawana kikombe cha ibada, na pombe wameikataza yote.)

Kwa rai yangu, hoja ya Muumba mmoja haitoshi. Zabibu haikuteuliwa kwa ubora wake, bali kwa kuwa ndiyo iliyokuwamo kikombeni usiku ule wa Karamu ya Mwisho, Yerusalemu. Na mzee wa Kimilili, ukimtaka ammwagie babu yake divai ya Sevenhill, bila shaka atakuuliza babu huyo aliijulia wapi. Padri na mzee, basi, wanashika kanuni moja. Kinachonikera ni wahubiri ambao, hali wakijua kwamba kumbukumbu ina kinywaji chake, walikiita chungu cha wenzao kazi ya shetani. Ndiyo maana Elijah Masinde, Mbukusu aliyekuwa muumini wa Marafiki kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa, dini ya kurudia tambiko za mababu, katika miaka ya 1940, hakuhitaji kwenda mbali kutafuta wafuasi.